Naombeni ushauri: lavenda kwa mama anayekosa usingizi

Habarini wapendwa, mama yangu usingizi umekua shida kweli, analala masaa ya mwanzo tu halafu usiku wa manane macho makavu, moyo unamwenda mbio na mawazo kibao, daktari kamwandikia vidonge vya usingizi anavitumia ila hataki kuvitegemea siku zote.

Nimemnunulia mafuta ya lavenda, chupa imeandikwa Lavandula angustifolia, hiyo ndo naona inafaa maana ile aina nyingine ya lavenda, latifolia, ina kafuri nyingi, harufu kali. Namdondoshea matone mawili kwenye kitambaa anakiweka pembeni ya mto, na kweli anasema kifua kinaachia, ila kulala bado anakatakata.

Sasa nataka nianze kumkanda shingo na miguu kabla hajalala, matone 12 ya lavenda kwenye mililita 30 za mafuta mepesi ya kuchanganyia, hiyo ni kama asilimia 2. Ngozi yake ya utu uzima ni laini mno, walezi wa wazee mnaanza na kiasi gani?

Halafu najua Ujerumani kuna vidonge vya mafuta ya lavenda vya miligramu 80 kwa ajili ya wasiwasi (sio haya ya chupa jamani, haya hayanywi). Kuna mtu mgonjwa wake aliviongeza juu ya dawa za usingizi? Naogopa vyote vinalegeza, asije akaamka usiku kwenda chooni akaanguka. Daktari nitamuuliza pia, ila nataka kusikia kwa waliopitia.

Na paka wake analala humohumo chumbani, mafuta haya ni sumu kwa paka, mnafanyaje?