Ni nini kilimwandaa Ngozi Okonjo-Iweala kuongoza Shirika la Biashara Duniani?

Mdadisi wa Uchumi ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Ninaandaa mada ya darasani kuhusu Ngozi Okonjo-Iweala, na kuna jambo moja ambalo ningependa wenye ujuzi wanifafanulie. Alipoanza kazi ya Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Biashara Duniani tarehe 1 Machi 2021, akiwa mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo, hakuwahi kuwa mjumbe wa nchi yake katika mazungumzo ya biashara ya Geneva, yaliko makao makuu ya shirika hilo. Miongoni mwa wagombea wenzake walikuwamo Yoo Myung-hee, waziri wa biashara wa Korea Kusini, na Amina Mohamed wa Kenya, aliyeongoza Baraza Kuu la shirika hilo mwaka 2005 na kusimamia mkutano wa mawaziri wa Nairobi mwaka 2015. Maelezo mengi niliyoyasoma juu ya Okonjo-Iweala huorodhesha vyeo bila kuonyesha kipi kilizaa kipi. Je, ni sehemu gani ya kazi zake iliyomwandaa kwa nafasi ile?

Karani wa Hazina amejibu:

Ndugu Mdadisi, swali lako linafanana na hoja iliyotolewa na serikali ya Marekani mwezi Oktoba 2020, iliposema kwamba shirika linahitaji mtu aliyebobea katika biashara, ikakataa kumwafiki Okonjo-Iweala ingawa wanachama wengi walikuwa upande wake. Kikwazo hicho kiliondoka Februari 2021, Yoo alipojitoa na serikali mpya ya Marekani ilipomuunga mkono.

Kwa maoni yangu, jibu liko katika deni la Nigeria. Alipoitwa kuwa waziri wa fedha mwaka 2003, baada ya miaka mingi katika Benki ya Dunia, nchi yake ilikuwa inadaiwa na mataifa ya Klabu ya Paris, kundi la nchi zinazokopesha nchi nyingine, fedha zilizokaribia dola bilioni 30. Wadai walikuwa na shaka, kwa kuwa Nigeria ilikuwa nchi ya mafuta, na waliona kwamba ina uwezo wa kulipa. Kabla ya kuomba nafuu, serikali ilianza kupanga bajeti kwa kukadiria bei ya mafuta kwa tahadhari na kuweka akiba ya ziada iliyopatikana, na wizara yake ikawa inachapisha magazetini kila mwezi fedha ambazo kila jimbo limepokea. Nigeria iliandika yenyewe mpango wake wa mageuzi, kisha Shirika la Fedha la Kimataifa likaufuatilia. Mwaka 2005 wadai wakakubali kufuta takriban dola bilioni 18, na Nigeria ikalipa kama bilioni 12. Aliyewashawishi wadai wengi, kila mmoja akiwa na bunge lake na walipa kodi wake, alikuwa amekwisha kujifunza kazi ya Geneva kabla ya kufika huko.

Msomaji wa Siasa amejibu:

Nakubaliana na Karani, ila tusimpambe kupita kiasi. Bei ya mafuta ilikuwa inapanda miaka ile, na bila fedha hizo malipo ya bilioni 12 yasingewezekana. Isitoshe, wapo Wanigeria waliouliza kwa haki kabisa kwa nini fedha nyingi hivyo zilipwe nje ilhali shule na hospitali zina hali mbaya. Aliporejea wizarani mwaka 2011 mambo yalikuwa magumu zaidi: ruzuku ya mafuta ilipoondolewa Januari 2012, wananchi waliandamana hadi sehemu yake ikarudishwa. Desemba mwaka huo mama yake mzazi alitekwa nyara, na baadaye alieleza kwamba watekaji walitaka yeye ajiuzulu. Hakujiuzulu. Kwangu mimi hilo linaeleza tabia yake kuliko shahada zake zote za Harvard na MIT.

Mfuatiliaji wa Mikataba amejibu:

Jambo moja halijasemwa, nalo ni kwamba Mkurugenzi Mkuu hana mamlaka ya kuamua lolote, kwa sababu maamuzi hupitishwa kwa maafikiano, na mwanachama mmoja akipinga jambo hukwama. Mazungumzo ya ruzuku za uvuvi yalianza mwaka 2001. Katika mkutano wa Juni 2022 mjini Geneva, ambao uliongezwa muda hadi alfajiri ya tarehe 17, wanachama waliafikiana kupiga marufuku ruzuku kwa uvuvi haramu na kwa samaki ambao tayari wamevuliwa kupita kiasi. Mkutano huohuo ulilegeza masharti ya hataza (haki za kipekee za kutengeneza) za chanjo za UVIKO-19, suala alilolifahamu vizuri kwa kuwa aliongoza bodi ya Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, tangu 2016 hadi 2020.

Hata hivyo, ruzuku zinazokuza meli na zana kupita uwezo wa bahari ziliachwa nje ili sehemu iliyobaki ipite. Mkataba ulianza kutumika tarehe 15 Septemba 2025, theluthi mbili ya wanachama walipokwisha kuuridhia, wakati yeye alikuwa ameanza muhula wake wa pili siku chache tu kabla ya hapo.

Mdadisi wa Uchumi ameandika:

Nawashukuru sana. Nitaanza mada yangu na deni la 2005, na ile sehemu ya ruzuku iliyoachwa nje nitawapa wanafunzi waijadili.