Sevei za kulipwa mtandaoni: ipi inalipa kweli ukiwa huku Mbeya?

Mtoto wa Iyunga
Habari za humu wakuu. Nina laki tatu na ushee ambayo sitaki iishie kwenye chipsi. Nimesikia watu wanajaza sevei, yaani maswali ya utafiti, mtandaoni na kulipwa dola. Nimekusanya majina: ySense, Toluna, Swagbucks, Prolific, halafu kuna GeoPoll inayolipa vocha. Nataka kuanza wiki hii. Mwenye uzoefu aseme nianze na ipi. Asanteni.

Karani Mstaafu
Mkuu, umeuliza kama abiria anayesimama stendi ya Nane Nane na kusema "nipande basi gani" bila kutaja anakokwenda. Unatumia simu au kompyuta? Hela utaipokea kwa njia gani? Una muda gani kwa siku? Na hiyo laki tatu ya nini? Sevei ya kweli haina mtaji.

Fundi wa Kabwe
Jibu hilo la kupokea kwanza, maana wengi hukwamia hapo. PayPal kwa Tanzania kwa miaka yote tumeijua kama ya kulipia vitu, siyo ya kupokea. Wakenya wanaitoa mpaka M-Pesa, ndiyo maana video zao zinatudanganya. Ile kadi ya Visa ya kwenye M-Pesa nayo ni ya kununulia, usije ukadhani dola za sevei zitaingia humo.

Dada wa Njombe
Mimi ni wa ySense na sihami. Zamani iliitwa ClixSense, sasa iko chini ya kampuni ya Prodege, haohao wenye Swagbucks. Natoa kwa Payoneer, akaunti ya mtandaoni ya kupokea dola. Sipati utajiri, napata bando na nauli ya kwenda Makambako na kurudi. Siri ni kujaza profaili kwa ukweli na kutoibadilisha. Leo ukisema una watoto wawili, kesho ukasema huna mtoto, mfumo unakukumbuka.

Mtoto wa Iyunga
Asanteni. Natumia Tecno, niko chuo mwaka wa pili, nafanya usiku kwa bando la usiku. Vipi kuhusu Prolific? Nasikia ndiyo inalipa kuliko zote.

Fundi wa Kabwe
Inalipa, lakini si sisi. Ni kampuni ya Uingereza, na kima cha chini wanachomtaka mtafiti alipe ni pauni 6 kwa saa. Ila kwa miaka mingi imepokea washiriki wa nchi zilizoendelea kwa sehemu kubwa, na Afrika Kusini. Nilipoangalia, Tanzania haikuwemo. Swagbucks hivyohivyo: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na nyingine chache. Kwa hiyo karibu nusu ya orodha yako imeshakufa kabla hujawasha simu.

Chalii wa Mafiati
Si anaweka VPN tu, ile ya kuficha nchi uliyopo? Mbona watu wanafanya.

Dada wa Njombe
Wanafanya, halafu siku ya kutoa hela akaunti inafungwa. Watakuacha uvune mwezi mzima, ukibonyeza kutoa ndipo wanakagua. Usimfundishe mtoto wa watu hivyo.

Karani Mstaafu
Tupige hesabu kidogo. Sevei ya kawaida kwa mtu wa nchi yetu, sema nusu dola kwa dakika ishirini. Kabla ya kuipata hiyo moja unaweza kuenguliwa kwenye tatu nne: unajibu umri, mkoa, kazi, kisha unaambiwa "samahani, hukidhi vigezo". Kwa hiyo inaweza kufika karibu saa nzima kwa shilingi elfu moja na ushee. Na zenyewe hazipo kila siku, kwa sababu anayelipia utafiti anatafuta wanunuzi wa bidhaa zake, na wengi wa anaowataka wako Marekani na Ulaya.

GeoPoll ni kitu kingine. Wanauliza kwa SMS au kwa kupiga simu, wanalipa vocha kidogo, haihitaji simu janja. Ila huwezi kusema leo nafanya kumi. Unasubiri wakutafute.

Mzee wa Kihesa
Kamwene wote. Hata ile sevei ya Sauti za Wananchi ya shirika la Twaweza, iliyoanza 2013, ilikuwa hivyo. Kaya zilichaguliwa kwa bahati nasibu nchi nzima, zikapewa simu na chaja ya jua, kisha zikawa zinapigiwa. Kujiandikisha mwenyewe hakuna. Anayechagua ni mtafiti.

Mtoto wa Iyunga
Sawa wazee. Ila kuna hili sikulisema. Rafiki yangu ameniunganisha kwenye grupu la WhatsApp, wao wana sevei zao za hapahapa Tanzania, wanalipa kwa M-Pesa na Mixx. Kufungua akaunti ni 30,000, ngazi ya juu 280,000, unalipwa kila siku. Ndiyo maana nikataja laki tatu.

Karani Mstaafu
Ahaa! Kumbe ndiyo hiyo. Ungeanza na hilo, kijana.

Mama Vitenge Mwanjelwa
Mwanangu, shika hela yako kwanza, hata ukanunue nguo. Nisikilize.

Mwaka juzi walikuja kwetu sokoni vijana wamevaa fulana zinazofanana, wanaongea vizuri, wana chumba ghorofani na bango mlangoni. Unalipia ngazi, kila jioni unatumiwa maswali matano: unapenda soda gani, sabuni gani, unatumia mtandao gani wa simu. Unabonyeza, salio linapanda. Jumamosi ndiyo siku ya kutoa. Wa kwanza walilipwa kweli, nami nikiwemo, na hapo ndipo wanapokupata, maana wewe mwenyewe unageuka kuwa tangazo. Jirani yangu wa meza ya viatu akaniona na hela, akaingia. Akamwingiza na shemeji yake wa Tukuyu.

Kisha likaja tangazo: mfumo unafanyiwa maboresho, kutoa kutarudi Jumatano. Jumatano wakasema salio lako ni kubwa, lipia kwanza kodi ndipo utoe. Nikauliza, kodi gani inayotumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, tena jina ni la mwanamke ambaye hatumjui? Nikatolewa kwenye grupu hapohapo. Waliolipa hiyo "kodi" wakaambiwa kuna na ada ya uhakiki. Ghorofani tukakuta mwenye nyumba naye anawatafuta, wanadaiwa pango.

Yule wa viatu mpaka leo hanisemeshi. Hela aliyoingiza ilikuwa ya kufungia mzigo wa shule wa Januari.

Mzee wa Kihesa
Pole sana mama. Ni ule upatu wa DECI uleule, wamebadilisha shati tu. Wakati ule watu "walipanda mbegu" wakisubiri kuvuna, mpaka serikali ikaizuia mwaka 2009. Sasa mbegu inaitwa ngazi.

Karani Mstaafu
Sikia kitu kimoja kwenye simulizi ya mama: maswali matano kila jioni, na hakuna aliyewahi kuenguliwa. Nilikuwa karani wa Sensa ya 2022, baada ya hapo nimezunguka na watafiti Rungwe na Mbarali. Mtafiti wa kweli anasumbua. Anataka mama mwenye mtoto chini ya miaka mitano, wewe huna, anakushukuru na kwenda nyumba ya pili. Idadi ya vijana ikitimia, hataki kijana mwingine. Anaweka na swali la mtego, "chagua namba nne", aone kama unasoma. Sevei inayompokea kila mtu, kila siku, na kumlipa kila mtu, hiyo haihitaji majibu yako. Inahitaji ada yako.

Chalii wa Mafiati
Lakini si wote matapeli. Kuna mshikaji amenunua boda kwa hizo hizo.

Mama Vitenge Mwanjelwa
Kwa ada za nani?

Fundi wa Kabwe
Na wakikuomba picha ya kitambulisho cha NIDA, usitume. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, imeanza kutumika Mei 2023, lakini utamshtaki nani kama humjui hata jina?

Dada wa Njombe
Mdogo wangu, fungua ySense bure, jaribu, ukichoka acha. Hutapoteza ila usingizi.

Karani Mstaafu
Mimi bado nasema mwanafunzi atafute kazi za kukusanya data uso kwa uso. Waulize walimu wako chuoni, watafiti hupita huku kwenye mpunga, parachichi na viazi. Posho ya siku moja ya shambani inazidi sevei za mwezi.

Chalii wa Mafiati
Kazi zenyewe za kujuana. Hata vile vishikwambi vya sensa vilikwenda wapi?

Karani Mstaafu
Walipewa walimu, kila mtu anajua. Tusitoke kwenye mada.

Mzee wa Kihesa
Kijana, laki tatu weka kwenye viazi. Kodi robo eka, chukua mbegu kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Uyole.

Dada wa Njombe
Robo eka, mbolea, dawa ya ukungu, na mnunuzi anakuja na lumbesa. Mzee, umelima lini mara ya mwisho?

Mzee wa Kihesa
Msimu uliopita, dada. Lumbesa imekatazwa, Wakala wa Vipimo wanakamata.

Dada wa Njombe
Wanakamata wapi? Njoo Njombe msimu wa mavuno uone gunia linavyoshonewa kofia.

Mtoto wa Iyunga
Nimewasoma wote, grupu nimetoka. Rafiki yangu amekasirika, anasema nimemharibia nafasi yake ya kupanda ngazi. Hiyo mbegu ya TARI inauzwaje kwa gunia?

Mzee wa Kihesa
Inategemea aina. Obama na Sagitta bei haifanani.

Dada wa Njombe
Usimpe Sagitta mtu asiye na pampu ya dawa, mzee.