Naomba ushauri: nia ninayo, juhudi ninazo, matokeo siyaoni

Habari zenu wakuu. Najifunza uhasibu mwenyewe, jioni baada ya kazi. Uvivu si tatizo langu, maana mezani nakaa kila siku. Shida ni kwamba nguvu zote zinaishia kwenye maandalizi: napiga mistari ya ratiba kwa kalamu za rangi, napanga vitabu, naangalia video za watu wanaoeleza namna ya kusoma. Nikifika kwenye zoezi lenyewe, debiti na krediti (zile pande mbili za hesabu) zikigoma kulingana, usingizi huo! Nafunga daftari, najiambia kesho.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba nia inafanya kazi vizuri zaidi ukiifunga kwenye saa na mahali: ikifika saa fulani, nikiwa mahali fulani, nafanya jambo fulani. Nimeijaribu, na kweli kuanza kumekuwa rahisi. Kumaliza ndiyo ngoma nzito. (Wale wa "jitume tu mkuu", asanteni, hilo nishalisikia sana.)

Sasa nyie mliojifunza kitu kigumu huku mna kazi: maendeleo mlikuwa mnayapima kwa saa mlizokaa au kwa mazoezi mliyoyamaliza? Na je, kumpa mtu malengo yangu awe ananibana kunasaidia, au ni kujitafutia presha bure? Kama kuna aliyehamishia yale magumu alfajiri, akili ikiwa bado haijachoka, aniambie pia kama ilimlipa.