Ukoo wa Bibi Eliwaza: Simba kaona kindi

Neema (Minneapolis, Marekani), 19:12
Shikamooni wakubwa. Jumamosi ijayo vijana wa kanisani wanaenda kutembea hifadhi ya Fort Snelling, kule msituni kando ya mto, na Gifti anataka tumchukue mbwa wetu Simba. Ndani ya nyumba anasikia vizuri tu, ukimwambia kaa anakaa. Ila huku majani yameshapukutika, kindi wanakimbia kila kona wakifukia mbegu za mwaloni, basi tukitoka nje hata jina lake halijui. Baraka upo?

Mama Mkubwa Anna, 19:15
Marahaba mwanangu. Yaani siku hizi hadi mbwa anaenda pikiniki ya vijana 😂

Anko Elia (Moshi), 19:16
Fimbo. Mbwa wangu wote watatu wananisikia.

Shangazi Tabu, 19:17
Elia, si ndio hao waliomkimbiza mwinjilisti mpaka migombani kwa jirani?

Anko Elia, 19:17
Hiyo ndiyo kazi yao.

Baraka (Arusha), 19:24
Nipo, nilikuwa nalisha mbwa wa kazini. Shikamoo anko, shikamoo mama mkubwa, shangazi.
Dada, Simba si mkaidi. Mbwa aliyejifunza sebuleni anajua mambo ya sebuleni. Nje unaanza naye upya. Na kipindi hiki kwenu ni kigumu, maana ubaridi na unyevu vinaibakiza harufu pale chini, na chini ya hayo majani kuna panya, kindi, mavi ya kulungu. Wewe unaona majani, mwenzio yuko soko la Kilombero Jumamosi asubuhi.

Neema, 19:26
Sasa nifanyeje?

Baraka, 19:31
Tafuta kamba nyepesi ya kama mita 10. Usiifunge shingoni, ifunge kwenye mkanda wa kifuani, kwa sababu akichomoka mbio kamba ikafika mwisho, shingo ndiyo inayoumia. Na uvae glavu. Kamba iliyolowa ikichurupuka mkononi inachuna ngozi.
Halafu ita mara moja: "Simba, njoo!" Akigeuza kichwa tu, msifu. Akifika, mpe kipande cha kuku wa kuchemsha, kidogo kama punje ya harage. Ile biskuti yake ya kila siku haimshindi kindi. Akishakula, mwachie aendelee kunusa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: mbwa anaitwa wakati wa kurudi nyumbani tu, kwa hiyo akisikia njoo anajua starehe imeisha.

Gifti, 19:33
anko mimi namwita kama mara tano ndio anakuja

Baraka, 19:34
Basi umemfundisha kwamba zile nne za mwanzo ni kelele 😄 Asipokuja usirudie. Piga makofi, kimbia kuelekea upande mwingine, atakufuata mwenyewe. Na nyumba nzima mtumie neno moja, sio mama njoo, wewe come, baba anapiga mluzi.

Anko Elia, 19:36
Mbwa anakula kuku, sisi tunakula dagaa. Mimi nasema akirudi mchape, atakumbuka.

Baraka, 19:40
Atakumbuka kweli anko, atakumbuka kwamba kurudi ni kupigwa. Kesho harudi ng'o. Wale panya buku wa shirika la APOPO pale chuo cha kilimo SUA Morogoro, wanaonusa mabomu ya ardhini, wanafundishwa kwa mlio mdogo wa "tik" na kipande cha ndizi. Hakuna anayechapwa. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia akafichua mabomu na masalia ya silaha zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika moja la wanyama la Uingereza likampa medali ya dhahabu.

Shangazi Tabu, 19:41
Panya ana medali. Elia una nini?

Anko Elia, 19:41
Nina fimbo.

Neema, 19:43
😂😂 Baraka, kuna ule wakati anasimama kama sanamu. Mdomo anafunga, masikio mbele, mguu mmoja wa mbele hewani.

Baraka, 19:47
Hiyo sekunde ndiyo yako! Hapo bado hajaamua. Sema "acha", akikutazama mlipe hapo hapo. Akishatimka umechelewa. Anzeni mbali na kindi. Ukiona anakataa hata kuku, mko karibu mno, rudini nyuma. Dakika 5 mpaka 10 zinatosha, mwache akiwa bado na hamu.

Neema, 19:50
Hiyo acha ndiyo ninayoitaka. Tarehe 31 ni Halloween, watoto wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, na wanazidondosha mtaa mzima.

Baraka, 19:55
Hapo usicheze. Chokoleti ni sumu kwake, ile nyeusi zaidi. Zabibu kavu nazo. Bigijii zisizo na sukari, zile zenye zailitoli (kiongeza utamu badala ya sukari), ni hatari kabisa. Akimeza mpigie daktari wa mifugo, usisubiri dalili.
Zoezi lake: weka kitu kiganjani, funga ngumi. Atalamba, atakwaruza, wewe kimya. Akirudisha pua nyuma tu, mpe kingine kwa mkono wa pili. Kile cha kwanza hapati kamwe. Kisha kiweke sakafuni, mwisho kwenye majani.

Mama Mkubwa Anna, 19:57
Na kupe? Au huko baridi inawaua?

Neema, 19:59
Haiwaui mama mkubwa, wale wa kulungu wanatamba hadi theluji ifunike ardhi. Tukirudi namkagua masikioni, kwapani na katikati ya vidole.
Ila Baraka, hifadhi za jimbo hapa haziruhusu kamba inayozidi futi 6.

Baraka, 20:03
Hata mita 2 haifiki. Basi ile ndefu fanyieni mazoezi kwenye uwanja wenye uzio wiki hii. Siku ya safari kazi kubwa itakuwa kaa na subiri. Wakija watu au baiskeli, tokeni kando ya njia, mkalishe, mlipe mpaka wapite. Na Gifti asimshike huku anachezea simu.

Gifti, 20:21
nimejaribu nyuma ya nyumba. njoo amekuja. acha ameacha. halafu amekula glavu

Baraka, 20:22
Ameimeza au ameitafuna?

Gifti, 20:22
ametafuna tu, ninayo

Anko Elia, 20:30
Baraka, huyo kuku anachemshwa na chumvi?

Baraka, 20:31
Bila chumvi anko, na kitunguu usithubutu kuweka.