Kugeuza Yamaha XS650 ya zamani kuwa boba nyumbani: nikate fremu au niiache?

Spana_Kumi

Salaam wadau. Ninayo Yamaha XS650 ya mwaka 1979, ile ya silinda mbili yenye ujazo wa 653 cc, ambayo imekaa muda mrefu chini ya turubai na ambayo sasa nataka kuigeuza kuwa boba kwa mikono yangu mwenyewe: kiti cha mtu mmoja chenye springi, madigadi fupi nyuma, mbele pawe wazi, tairi nene na usukani mpana ulio chini. Injini inazunguka kwa kiki na mgandamizo upo, lakini tangi lina kutu, na nyaya zimeungwaungwa na kila aliyewahi kuimiliki hadi hazifuatiliki.

Nina mashine ya kuchomelea ya fimbo, grainda na spana za kutosha. Nimechomelea mageti na vitanda, lakini sijawahi kuchomelea chombo kinachobeba mtu barabarani, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Je, ni lazima nikate fremu na kuondoa shokomzoba za nyuma ili iwe boba ya kweli? Naweza kuondoa kisanduku cha chujio la hewa na kuweka vichujio vidogo vya koni bila kuidhuru injini? Na zile pikipiki zisizo na betri, zinazotumia kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi), zinawezekanaje? Mwisho, kazi ipi itangulie? Binafsi nilifikiri kuanza na rangi, maana fremu ndiyo inayonikera macho.

Fundi_Bandani

Ndugu Spana_Kumi, rangi iwe ya mwisho kabisa. Utachomelea vishikizo vipya, utavikata, utavisogeza, na kila mara grainda itakula rangi uliyoilipia. Jenga pikipiki nzima ikiwa chuma kitupu, iendeshe hivyo hivyo hadi uridhike, kisha ifungue yote ndipo upake.

Kukata fremu si sharti. Boba zilianza Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, na zikashamiri baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waendeshaji walipokuwa wakizipunguzia uzito pikipiki zao kubwa za Harley-Davidson na Indian kwa kuvua madigadi ya mbele, kufupisha ya nyuma na kutupa kila kisichosaidia mwendo. Wengi wao hawakuondoa shokomzoba za nyuma, kwa kuwa hazikuwapo: Harley-Davidson kubwa za silinda mbili hazikupewa shokomzoba za nyuma hadi mwaka 1958. Kilichokatwa kilikuwa bati la madigadi, wala si fremu. Kukata shingo ya fremu (sehemu ya mbele inayoshika foki, yaani miguu ya gurudumu la mbele) na kurefusha foki ni mambo ya chopa, mtindo mwingine wa kubadilisha pikipiki, yaliyokuja baadaye. Kwa hiyo anayekuambia kwamba boba yenye shokomzoba si boba anasifu umbo na kusahau lilikotoka.

Ushauri wangu ni uache mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma na kupanda na kushuka nalo) mahali pake na utumie shokomzoba fupi kidogo kuliko za awali. Usizidishe. XS650 ina urefu wa karibu sentimita 140 kutoka ekseli hadi ekseli, kwa hiyo ukishusha nyuma kwa sentimita mbili na nusu, pembe ya shingo inalala kwa takriban nyuzi moja. Hilo litaufanya usukani uwe mzito kidogo kuitika, jambo linalovumilika. Ukishusha mara mbili ya hapo, stendi ya pembeni inakuwa ndefu kupita kiasi, pikipiki inasimama karibu wima na kuwa tayari kuanguka upande wa pili, na mabomba ya moshi yanaanza kukwaruza barabara kwenye kona. Kabla ya kununua chochote, ondoa springi kwenye shokomzoba ulizonazo, zirudishe bila springi, kisha ushushe uzito hadi gurudumu lifike mwisho wa safari yake juu. Hapo utaona kwa macho tairi inagusa nini.

Ikiwa bado unataka nyuma iliyo ngumu, mpe kazi hiyo mchomeleaji wa fremu. Fremu inatakiwa ifungwe kwenye jigi (kishikio imara kinachoizuia isipinde) kabla ya kukatwa, ndani ya bomba kuwe na kipande cha chuma kinachounganisha sehemu mbili, na pamoja na mshono wa kuzunguka kuwe na matundu yanayochomelewa ili kukishika kipande hicho. Fimbo za kuchomelea mageti hutoboa bomba jembamba upesi, na mshono unaoonekana mzuri kwa nje unaweza kuwa haukuingia ndani hata kidogo. Geti lenye mshono mbaya hulegea tu. Fremu yenye mshono mbaya hukatika ukiwa juu yake. Vishikizo vidogo vya madigadi au taa unaweza kuvichomelea mwenyewe, lakini shingo na maungio ya mkono wa nyuma usiyaguse. Namba iliyogongwa kwenye shingo nayo iache isomeke, kwa kuwa bila namba hiyo pikipiki yako haina utambulisho wowote mbele ya mamlaka ya usajili.

Jambo moja kuhusu usalama ambalo wengi hawalijui: usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kisha ukachomelea. Joto na mwanga wa arki huigeuza kuwa fosijini, gesi yenye sumu kali, hata kama yamebaki matone machache tu ndani ya mshono.

Kabureta_Safi

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila mimi ningeanza na injini kabla ya kugusa grainda. Iwashe ikiwa na kisanduku chake cha hewa na mabomba yake ya moshi. Ukiibadilisha kwanza halafu ikakataa kunguruma vizuri, hutajua kama tatizo ni la tangu zamani au ni lako.

Kuhusu vichujio vya koni, kabureta za XS650 ya mwaka huo ni Mikuni zinazofanya kazi kwa mvuto wa hewa: pistoni ya kabureta hainuliwi na kebo ya akselereta, bali huinuliwa na tofauti ya shinikizo la hewa chini na juu ya kiwambo cha mpira. Kabureta ya aina hii hutegemea hewa tulivu, na kisanduku ndicho kinachoituliza. Ukikiondoa, pistoni huanza kuyumba, mchanganyiko hupungukiwa petroli, na utaona injini ikisita unapofungua akselereta, ikipiga mshindo kwenye bomba unapoifunga, na plagi zikitoka nyeupe. Kubadilisha jeti kuu (kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta) peke yake hakutoshi, kwa sababu jeti hiyo hutawala akselereta ikiwa wazi sana, ilhali muda mwingi unaendesha ikiwa robo au nusu. Inawezekana kurekebisha, na wengi wamefanya, lakini ujiandae kubadilisha jeti ndogo na nafasi ya sindano pia, na uchague vichujio ambavyo mdomo wake hauzibi vijitundu vya hewa vilivyo kwenye uso wa kabureta. Kagua kwanza mipira inayounganisha kabureta na injini na viwambo vyenyewe, kwani mpira wa umri huo ukipasuka huleta dalili zile zile.

Halafu kuna mtikisiko. Katika injini hii pistoni zote mbili hupanda na kushuka pamoja, na haina mhimili wa kusawazisha. Bati la madigadi lililofungwa kwa vishikizo vyembamba litapasuka kwenye matundu ya bolti. Weka vipande vya mpira, washa pana za chini ya nati, na nati zenye kizuizi cha nailoni kila mahali.

Waya_Mwekundu

Nijibu la kapasita, kwa kuwa ndilo linalowapotosha wengi wenye XS650.

Altaneta (kizalisha umeme) ya pikipiki hii haina sumaku ya kudumu. Sehemu inayozunguka ni koili, na huwa sumaku pale tu inapopewa umeme kupitia brashi mbili za kaboni. Umeme huo wa kwanza hutoka kwenye betri. Betri ikiwa haipo, au imekufa kabisa, unaweza kupiga kiki hadi mguu uchoke na altaneta isizalishe kitu cha maana. Kapasita bila betri hufanya kazi tu kwenye pikipiki zenye altaneta ya sumaku ya kudumu. Zipo altaneta za aina hiyo zinazotengenezwa kwa ajili ya kufungwa kwenye XS650, lakini hilo ni badiliko la mfumo mzima pamoja na regyuleta (kidhibiti cha volti). Kwa ujenzi wa kwanza, tafuta betri ndogo ifichwe chini ya kiti, ukague urefu wa brashi, na upime volti kwenye betri injini ikizunguka kwa kasi ya wastani: kati ya 13.5 na 14.5 mfumo uko salama.

Nyaya zako zitupe zote uanze upya. Kwa hali uliyoieleza, kuzitafuta hitilafu kutakula muda mrefu kuliko kuzitengeneza. Weka fyuzi kuu karibu kabisa na betri, kisha utenganishe njia ya cheche na njia ya taa, ili taa ikipata shoti usiku injini isizimike nayo. Waya wa hasi uende moja kwa moja kwenye injini na mwingine kwenye fremu, sehemu iliyokwanguliwa hadi chuma, maana rangi ni kihami. Ukitumia indiketa za LED, badilisha na rilei inayoziwasha na kuzizima, kwa kuwa zinavuta umeme kidogo mno kuichochea ile ya zamani. Na kila unapochomelea kitu kwenye fremu, ondoa betri na uchomoe regyuleta kwanza.

Spana_Kumi

Nashukuru sana wakuu. Fremu nitaiacha, na kisanduku cha hewa kitabaki hadi injini itulie. Limebaki moja: ninataka madigadi ikumbatie tairi kwa karibu, lakini nikiacha shokomzoba zifanye kazi, pengo si litakuwa kubwa?

Fundi_Bandani

Inategemea umeifunga wapi, ndugu yangu. Ukiifunga kwenye fremu, pengo lazima lizidi safari yote ya gurudumu, na hapo itaonekana kama imeelea. Ukiifunga kwenye mkono wa nyuma, itapanda na kushuka pamoja na gurudumu, kwa hiyo sentimita mbili hadi tatu zinatosha, alimradi ukumbuke kwamba tairi hupanuka kidogo kwa kasi na kwamba ekseli husogea nyuma unapokaza mnyororo. Lakini katika njia hiyo kiti hakiwezi kuegemea madigadi. Springi zake zikae kwenye fremu, na kati ya sehemu ya chini ya kiti na madigadi pabaki nafasi gurudumu likiwa juu kabisa, na wewe mwenyewe ukiwa umekaa. Jipime na mtu mzito kuliko wewe.