H-indeksi ya Google Scholar, Scopus, Web of Science au OpenAlex: ipi niweke kwenye fomu ya kupanda cheo?

Mtafiti_Bado

Wakuu habari za muda huu. Najaza fomu ya kupanda cheo, kuna kisanduku kimeandikwa "h-indeksi" (kile kipimo cha jinsi kazi za mtafiti zinavyonukuliwa) basi, hakisemi ya wapi wala mpaka lini. Nikiangalia Google Scholar nina 14, Scopus 8, Web of Science 6, nikafungua na OpenAlex nako nikakuta 10. Mtu yule yule, kazi zile zile. Mmoja ananiambia weka kubwa kila mtu anaweka kubwa, mwingine anasema ukipeleka ya Scholar jopo litakuona unatafuta namba tu. Naombeni wazoefu mnilinganishie. Halafu kuna sehemu ya "vipimo vingine" nayo sijui nijaze nini, wengine naona wanaweka Impact Factor ya jarida.

mkutubi_wa_zamu

Zote nne ziko sahihi mkuu, ila kila mmoja anahesabu kilichomo ghalani kwake tu. H ya 8 maana yake una kazi 8 ambazo kila moja imenukuliwa mara 8 au zaidi, sasa kama ghala halina yale majarida yanayokunukuu, kwake hizo nukuu hazipo.

Google Scholar inazoa karibu kila kitu chenye sura ya kitaaluma inachokikuta mtandaoni, majarida, vitabu, tasnifu, ripoti, preprinti (makala ambazo bado hazijahakikiwa), makala za makongamano, ndiyo maana namba yake mara nyingi ndiyo inayokuwa kubwa. Scopus ya Elsevier ilianza 2004, mwaka huohuo na Scholar, lakini yenyewe ina bodi inayochagua jarida gani liingie na lipi litolewe. Web of Science ambayo sasa iko chini ya Clarivate ndiyo kongwe, chimbuko lake ni faharasa ya nukuu ya Eugene Garfield ya miaka ya 1960, na mkusanyiko wake mkuu una mchujo mkali. OpenAlex ni mgeni, ilikuja 2022 baada ya Microsoft kufunga hazina yake ya kitaaluma, ni ya bure na data yake yeyote anaweza kuichukua akaikagua mwenyewe.

Sasa wewe fani yako ni ipi? Mtu wa tiba au fizikia Scopus na WoS zinambeba vizuri tu. Ukiwa wa historia, sheria, elimu au lugha, unaandika vitabu, au unachapisha kwa lugha isiyo Kiingereza, hizo mbili zitakupunja sana na hapo Scholar au OpenAlex inakuwa karibu zaidi na ukweli wa kazi yako.

Mtafiti_Bado

Elimu mkuu. Nina vitabu viwili na sura kadhaa kwenye vitabu vya wenzangu, kwenye Scopus hakuna hata kimoja.

mkutubi_wa_zamu

Basi pengo lako lote liko hapo.

Takwimu_Tamu

Naomba niongezee kuhusu h yenyewe maana watu wanaiabudu bila kuifungua ndani. Aliyeileta ni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, 2005, na yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba fani hazifanani. Chukua watafiti wawili, kila mmoja ana makala kumi. Wa kwanza nukuu zake zimepangika hivi: 60, 9, 7, 6, 5, 3, 2, 1, 0, 0. Wa pili: 8, 7, 6, 5, 5, 1, 1, 0, 0, 0. Hesabu mwenyewe, wote wawili wana h ya 5. Lakini wa kwanza amenukuliwa mara 93 na ana kazi moja iliyotikisa fani, wa pili mara 33. H haioni ile 60 kabisa, ikishavuka 5 iwe 6 au iwe elfu sita kwake sawa.

Ndiyo maana Leo Egghe mwaka 2006 akaleta g-indeksi, unajumlisha nukuu kutoka juu kushuka, na g ni idadi kubwa kabisa ya makala ambayo jumla ya nukuu zake bado ni angalau sawa na idadi hiyo zidisha yenyewe. Kwa hao wawili, wa kwanza anapata g ya 9 (81 inaingia ndani ya 93) na wa pili anabaki na 5. Tofauti inaonekana sasa. I10 ya Scholar ni rahisi zaidi, makala ngapi zimefika nukuu 10, wa kwanza ana 1, wa pili 0, yaani kwa mtu anayeanza haisemi kitu.

Na jambo la umri. H haipungui, ukikaa miaka kumi bila kuandika yenyewe inaendelea kupanda taratibu, kwa hiyo mkongwe mara nyingi atamzidi kijana hata kama kijana ndiye anayefanya kazi. Hirsch alipendekeza kugawa h kwa miaka tangu chapisho la kwanza, wanaiita m. Mtu aliyeanza miaka 8 iliyopita akiwa na h ya 8 m yake ni 1. Inasaidia kiasi, ila aliyesimama kwa ajili ya uzazi au ugonjwa m inamuadhibu, lazima aeleze.

kijiti_cha_namba

Mimi nasema weka Scopus basi, mambo ya g na m jopo halina muda nayo. Scholar haina mlango, chochote kinaingia. Mwaka 2010 Cyril Labbé, mtafiti wa Grenoble Ufaransa, alitengeneza mwanasayansi asiyekuwepo duniani akamwita Ike Antkare, akapandisha mtandaoni makala kama mia zilizoandikwa na programu zikinukuana zenyewe kwa zenyewe, na Scholar ikampa h ya 94. Mtu hewa! Sasa utaniambiaje nitegemee namba hiyo kumpandisha mtu cheo.

Nyuki_wa_Maabara

@kijiti_cha_namba hoja yako nzito na siibishii, Scholar inachezeka. Lakini usimfanye kila mwenye namba kubwa Scholar kuwa mwizi. Hapa mwenzetu ana vitabu halisi vinavyosomwa na kunukuliwa halafu Scopus haivioni, hilo nalo ni kosa la kipimo tena linamuumiza mtu asiye na hatia. Mchezo upo hata kwenye majarida yaliyochujwa, wahariri wanaolazimisha waandishi wanukuu jarida lao, vikundi vya kunukuana, Clarivate wenyewe huwa wanayanyima Impact Factor majarida yaliyozidisha kujinukuu. Dawa ni kuangalia nani anakunukuu. Fungua orodha ya wanaonukuu kazi yako ya juu kabisa, soma hata kumi, utajua kama ni watu wa fani wanaoijadili au ni jina tu limepachikwa kwenye mabano na wengine kumi na tano.

Na nukuu sio sifa kila mara. Ile makala ya Wakefield ya 1998 kwenye Lancet iliyohusisha chanjo na usonji imenukuliwa kupita kiasi, nyingi ni watu wanaoipinga, na jarida likaifuta 2010. Lakini kwenye h-indeksi makala hiyo inahesabika kama kawaida.

Bi_Mhariri

Jamani naomba hili la Impact Factor lisipite kimyakimya. Mdogo wangu Mtafiti_Bado, usiiweke kama kipimo chako. Hiyo ni namba ya JARIDA. Impact Factor ya 2024 ni nukuu zilizofanyika 2024 kwa vilivyochapishwa 2022 na 2023, ukigawa kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili, ni wastani, na wastani wa nukuu huwa unavutwa na makala chache zilizonukuliwa sana huku nyingi zikiwa chini yake. Makala yako kuwa ndani ya jarida la wastani wa 9 haisemi yako imenukuliwa mara 9, inaweza kuwa sifuri. Hata CiteScore ya Scopus ni hivyohivyo, tofauti yake wanachukua miaka minne. Nimekaa kwenye majopo, nimeona mtu anawekwa pembeni kwa sababu jarida lake "dogo" na hakuna hata mmoja mezani aliyefungua makala yake kuisoma, inaniuma mpaka leo. Tamko la San Francisco la 2013, wanaliita DORA, linasema wazi kwamba vipimo vya jarida visitumike kumpima mtafiti kwenye ajira na vyeo. Angalia kama taasisi yako imelisaini, kama imesaini una pa kusimamia.

Takwimu_Tamu

Sahihi kabisa dada. Kama anataka kitu kinacholinganisha fani kwa fani basi FWCI (Field-Weighted Citation Impact) ya Scopus, inalinganisha nukuu za makala yako na za makala nyingine za fani hiyo, mwaka huo na aina hiyo. Wastani wa dunia ni 1.00, ukiwa na 1.50 umezidi wastani kwa asilimia 50. Mwalimu wa hisabati halinganishwi na mtu wa tiba kwa nukuu ghafi, fani za tiba zinanukuu mno. Ila ukiwa na makala chache usiitegemee, moja tu ikilipuka inavuta wastani wote.

Nyuki_wa_Maabara

Pia waandishi wenza. Makala ya 2015 ya ATLAS na CMS, makundi mawili ya wanafizikia wa maabara ya CERN, kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ina waandishi 5,154, na kati ya kurasa 33 ni 9 tu za utafiti wenyewe na marejeo, zilizobaki ni majina na taasisi. Kila mmoja wao anahesabiwa nukuu nzimanzima. Kwa hiyo andika wewe ulifanya nini kwenye kila kazi, nani alibuni, nani alikusanya data, nani aliandika.

Mtafiti_Bado

Asanteni sana wakuu, nimeelewa kuliko mwaka mzima wa kuuliza uliza. Sasa kabla sijajaza, profaili yangu Scopus naona nimegawanyika mara mbili, moja ina jina langu la kati na nyingine haina. Na Scholar kuna makala ya mtu mwingine wa jina kama langu.

mkutubi_wa_zamu

Hilo fanya leo. Scopus ina sehemu ya kuomba profaili ziunganishwe, ni bure hata kama taasisi hailipii, unachagua zile mbili unathibitisha ni wewe, wanashughulikia. Nani ajuaye, h yako ya 8 inaweza kupanda maana nukuu zimegawanyika. Scholar ondoa ya huyo mwenzako, na zima ile ya kuongeza makala moja kwa moja, iwe inakuuliza kwanza. Makala yako ikitokea mara mbili kwa vichwa tofauti kidogo ziunganishe. Fungua ORCID kama huna, ni namba ya tarakimu 16 inayokufuata hata ukibadili jina au taasisi, uiweke kila unapotuma makala.

Kwenye fomu andika zote mbili na vyanzo vyake: "H-indeksi 8 (Scopus), 14 (Google Scholar, ikijumuisha vitabu na sura za vitabu ambavyo havimo Scopus)", na tarehe uliyoangalia. Scopus inakuruhusu kutoa nukuu ulizojinukuu mwenyewe, toa uone inabaki ngapi uiandike pia. Halafu kwenye "vipimo vingine" chagua kazi tatu, kila moja sentensi mbili za nini imebadilisha na nani ameitumia, mtaala gani, mwongozo gani, mtafiti gani aliyeiendeleza.

kijiti_cha_namba

Hapo kwa kuandika zote mbili na tarehe nimekubali, jopo halina pa kukushikia. Piga na skrinshoti siku hiyohiyo maana hizo namba wiki ijayo zitakuwa zimesogea.