Tupeane uzoefu: kumzoesha mtoto wa mbwa kutembea na kamba

Kipepeo
Wadau, kilichonisukuma kufungua uzi huu ni mtoto wa mbwa, umri kama miezi 3, anaburutwa kwa makalio. Kamba imekaza, miguu ya mbele ameikita chini, kola imempanda hadi masikioni. Yule si mkaidi jamani! Mbwa akivutwa mbele, mwili wenyewe unajibu kwa kuvuta nyuma, na ukiongeza nguvu naye anaongeza. Wajuzi tupeane: mnaanzaje, na huwa panaharibika wapi?

Mama Tatu
Anza ndani ya nyumba, na usingoje akue. Wiki ya 8 inatosha. Siku 2 au 3 za kwanza ni kola tu, hakuna kamba. Mvishe muda mfupi kabla ya kula, akili iende kwenye bakuli. Atajikuna, atajiviringisha, mwache. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo, na upime kila wiki maana shingo ya mtoto hunenepa bila kukuaga.
Akishaisahau kola, mfungie kamba nyepesi aiburute mwenyewe dakika 5 hadi 10. Usiondoke hapo, kwa sababu ikinasa kwenye mguu wa kiti akashtuka, umerudi mwanzo. Baadaye shika ncha na wewe ndiye umfuate yeye. Kumwongoza kunakuja mwisho.

Sungwi
Hapo pa kuiburuta kamba ndipo wengi wanaparuka. Naunga mkono.

Bahari2
Kamba iwe ya mita 1.5 hadi 2, nyembamba, kulabu (kile chuma kinachoshika kola) iwe ndogo. Kulabu ya mbwa mkubwa inamgonga kidevuni kila hatua, ndiyo maana anainamisha kichwa na kukataa kwenda. Zile kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio ziacheni kwanza. Springi inavuta muda wote, kwa hiyo mtoto anaona mvutano ni hali ya kawaida, na akivuta anaongezewa urefu. Kishikio kikikuponyoka kinamfuata nyuma kikigongagonga, naye anakikimbia kwa hofu.

Mzee wa Busati
Macho yawe kwenye kulabu. Kamba ikilegea, kulabu inaning'inia ikitazama ardhi na kamba inashuka kama tumbo. Kulabu ikianza kunyanyuka na kulala, mvuto umeshaanza hata kama mkono wako haujausikia. Simama hapohapo. Ukichelewa hatua 3, umemlipa hatua 3 za kuvuta.
Kabla ya kuanza, ajisaidie kwanza. Mwenye haja hafundishiki. Andaa vipande laini vya chakula, saizi ya punje ya njegere, uvitoe kwenye mgao wake wa siku asije akanenepeana. Piga hatua 1, mpe. Kisha 2, kisha 3, kisha rudi 1, kisha 5. Usipande kama ngazi, changanya. Na kipande akipokee kwenye mshono wa suruali yako, upande unaotaka atembee. Ukimpa mbele ya goti, anajifunza kukukata njia, na siku utamkanyaga.
Akikaza kamba, simama, mkono uubane kiunoni, usimrudishe kwa kumvuta. Subiri. Akigeuza shingo tu, kamba ikalegea hata kidogo, sema "ndiyo" papo hapo, mpe kando yako, endeleeni. Dakika 3 hadi 5 zinatosha, mara 2 au 3 kwa siku. Akianza kupiga miayo na kujilamba pua ovyo, amechoka, funga somo.
Kinachoharibu kuliko vyote ni nyumba yenye sheria mbili. Wewe unasimama, mwingine anaacha avute hadi kwenye nguzo akainuse. Mbwa anayefanikiwa mara moja moja ndiye haachi kujaribu.

Mpiga Kasia
Mzee, kwa mwenye pupa kusimama hakusaidii, anasimama na yeye akiwa amekaza vilevile. Geuka uende ulikotoka. Akikufikia, mpe.

Mzee wa Busati
Sikatai kugeuka, ndugu yangu. Nakataa kumkwida. Mwite kwanza, kisha geuka. Ukigeuka kimya kamba inampiga shingoni, na hajui kosa lake.

Chuma
Mnazunguka sana. Mnyororo wa kubana shingo, mvuto mmoja mkali, kazi imeisha.

Mama Tatu
Kaka Chuma, hapana! Koo la mtoto bado laini, na kwa mbwa wa maumbo madogo bomba la hewa huumia upesi. Atabaki anakohoa kama bata kila akivutwa. Tena ule mvuto anaweza kuuhusisha na alichokuwa anakitazama: mtoto, baiskeli, mbwa mwenzake. Unatengeneza mbwa anayewabwekea.

Bahari2
Ndiyo maana kamba nafunga kwenye mkanda wa kifua, usiobana mabega.

Mpiga Kasia
Mkanda wa pete ya mgongoni unampa nafasi ya kuvuta kwa kifua chote. Bora kola.

Nyota
Kabla hamjaendelea kubishana, fikirieni hili. Mtoto wa miezi 4, manyoya mengi, kola imepimwa juu ya manyoya. Pikipiki inapita, anashtuka, anarudi kinyumenyume, anainamisha kichwa, kola inatoka tupu. Mwenye mbwa anamkimbilia huku akipiga kelele, mtoto anadhani anafukuzwa, anaingia barabarani kati ya magari. Watu watatu wanajiunga kumkimbiza, mbio zinazidi. Aliponea kwa sababu mmoja alichuchumaa, akageuka ubavu, akamwita kwa sauti laini. Alirudi akitetemeka, amejikojolea.

Sungwi
Mungu wangu! Kwa hiyo asikimbizwe kabisa?

Nyota
Kabisa. Kimbia upande mwingine au chuchumaa. Na vidole viwili vipenye chini ya manyoya, viguse ngozi. Kabla ya kutoka, vuta kola taratibu kuelekea masikioni. Ikipita masikio, imelegea.

Bahari2
Hapo nakubaliana na wote: nje mvishe vyote viwili, kola na mkanda wa kifua.

Kipepeo
Na anayeitafuna kamba?

Mpiga Kasia
Usiivute, ataona ni mchezo. Iachie ilegee, mpe kitu kingine cha kuuma. Kati ya miezi 3 na 6 anabadilisha meno, fizi zinamwasha.

Sungwi
Akikaa chini akagoma?

Mama Tatu
Angalia sababu kwanza. Lami ya moto? Weka nyuma ya kiganja chako sekunde 7, ukishindwa naye hawezi. Kelele? Msogeze mbali nazo. Kama ni woga tu, legeza kamba, chuchumaa hatua 2 mbele yake, usimkodolee macho. Na hadi amalize chanjo za utotoni, kwa kawaida wiki ya 16 hivi, usimshushe wanakopita mbwa usiowajua. Mbebe mikononi aione dunia, kamba afanyie mazoezi uani.